Aliyetwanga Kinu Kitupu

Sinza, Dar es Salaam
12 Februari 2024

Kwako Babu Kibwana,

Shikamoo, mume wangu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na meno yako yote matatu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa joto, ambalo mwaka huu limekosa adabu kabisa. Mama yuko Kihonda, mguu umepungua kuvimba, ila bado anabishana na daktari kuhusu chumvi. Barua nimempa Salum wa Fuso asubuhi hii pale sokoni Mahakama ya Ndizi, Mabibo, alipomaliza kushusha ndizi za huko kwenu Kinole. Ameniapia kwamba hataifungia vitumbua.

Naandika kwa sababu kwenye simu unasema "eeh, eeh" halafu unakata, na baadaye Mama ananiambia hukusikia hata neno moja.

Unajua kazi yangu ni kusafisha sauti. Studio inapokea santuri na tepu za zamani, mimi nazipitisha kwenye kompyuta, natoa mikwaruzo na mivumo, muziki unabaki kama umepigwa jana. Sasa sikia habari. Watoto wa marehemu Kasimiri, yule mpiga besi wenu, wametuletea kutoka Turiani tepu yenyewe ya Bigwa Jazz ya mwaka 1968. Siyo santuri, ni tepu mama, imekaa miaka yote kwenye kopo la biskuti! Kampuni moja ya Ulaya inataka kuzitoa nyimbo zenu upya. Kuna kijana aliweka mtandaoni santuri yenu iliyochakaa, na watu wameisikiliza mara laki nne. Laki nne, Babu, vijana wasiojua hata Morogoro iko upande gani. Sijui wanapendea nini.

Wimbo ulionitoa jasho ni "Nimechelewa Mkuyuni". Kuna mama alikuwa anatwanga nyuma ya ukumbi, pengine kisamvu chake, na mlio wa mchi umeingia mpaka ndani ya wimbo kuanzia ubeti wa pili. Dup, dup, dup hadi mwisho. Imenichukua siku tisa kumtoa. Sasa hayupo, hata ukitega sikio vipi.

Nimekuwekea nyimbo zote kwenye flashi. Kuna na fomu ya ridhaa. Wenzako wanne wametangulia mbele ya haki na warithi wao wameshasaini, umebaki wewe tu. Weka saini yako pale chini, umpe Salum.

Mimi mkeo mdogo mwenye kiburi cha kazi yake,
Juliana


Kinole
3 Machi 2024

Mjukuu wangu Juliana,

Marahaba. Meno yamebaki mawili, moja limeniaga Ijumaa. Huku ndizi zimezaa vizuri, machungwa si haba. Mwambie mama yako chumvi aache, ubishi nao aache, ingawa najua ubishi ni wa ukoo.

Flashi nimeipata. Mwalimu Fidelis, jirani yangu, ana sabufa ya kutumia umeme wa jua. Masikio yangu unayajua: la kushoto limekufa, la kulia linasikia radi tu, tena ikiwa karibu. Lakini kiganja changu kizima. Nilikaa chini sakafuni, nikakilaza juu ya sabufa, nikamwambia Fidelis afungulie mpaka mwisho. Besi ya Kasimiri niliipata. Tumba la Stephano nililipata kwa mbali. Magitaa ya Omari na Abuu yaliniwasha kwenye kucha. Ubeti wa pili ukafika, nikasubiri. Nilisubiri mpaka wimbo ukaisha.

Nikamwambia Fidelis arudie. Akarudia mara nne, mkewe akaanza kuninunia.

Hatukutimia humo ndani. Umefuta mtu. Mrudishe huyo aliyekuwa anatwanga, pale pale alipokuwa, ndipo nitasaini. Fomu nimeitumia kufunikia mtungi.

Babu yako,
Kibwana Shabani


Sinza
19 Machi 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa jino. Nimefurahi machungwa yapo, na yale uliyompa Salum yamefika sita kati ya ishirini, kwa hiyo tumbo la Salum limekula vitamini.

Nakupenda, Babu, ila safari hii umenikosea. Kazi ya siku tisa unaipima kwa kiganja? Nimemsomea bosi wangu, Jonathan, barua yako. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Babu yako kiziwi ndiye anatufundisha kusikiliza?" Nilikasirika, kwa sababu wewe ni wangu wa kukucheka mimi, si yeye. Lakini nitasema kweli, moyoni nilikubaliana naye kidogo.

Nikueleze taratibu. Santuri za zamani watu wanazipenda, lakini siku hizi mtu anaweka spika ndani kabisa ya masikio. Kila kishindo kinamgonga kwenye ubongo. Anataka gitaa, anataka sauti yako ya ujana, hataki jiko la mtu. Mama wa kutwanga kisamvu siyo mwanamuziki. Angekuwa mbwa anabweka, ungeniambia nimrudishe mbwa?

Jonathan anasema mwisho ni tarehe 31 Agosti. Usiposaini, "Nimechelewa Mkuyuni", ambao ni utunzi wako, unaondolewa, zinatoka nyimbo nyingine nne. Wimbo uliosikilizwa mara laki nne utazikwa na fomu ya kufunikia mtungi. Mimi nimeupigania wimbo huo, Babu. Ndio wa kwanza nilioujua duniani.

Nakutumia fomu nyingine. Na kama hutaki kusaini, basi niambie huyo mama ni nani, na kwa nini unamtaka kuliko wimbo wako mwenyewe.

Juliana, aliyenuna


Kinole
21 Aprili 2024

Juliana,

Ukinuna unafanana na bibi yako, kwa hiyo nuna tu.

Barua hii sijui utaipata lini. Mvua ya mwaka huu imekuja kama mgeni asiyejua kuaga. Mlima umeshuka barabarani, shamba la chini limekwenda na migomba yake, na Fuso la Salum limekwama siku ya nne leo. Limekwama wapi? Mkuyuni. Nilicheka peke yangu mpaka Fidelis akaja kuangalia kama nimechanganyikiwa.

Umeniuliza swali, nitalijibu.

Tulikuwa tunafanya mazoezi uani kwa mama yetu, Bigwa. Dada yangu Zuhura alikuwa anatwanga mpunga pembeni. Sisi tunapiga, yeye anatwanga. Tulidhani tunavumilia kelele zake. Siku moja akaugua homa, akalala ndani, na hatukuweza kumaliza wimbo hata mmoja. Omari anakimbia, Abuu anamfukuza, Kasimiri amebaki nyuma na besi yake kama mtu aliyeachwa na gari. Stephano alikuwa hodari wa kulipamba tumba, lakini kushika mwendo hakuweza. Mwendo ulikuwa kwa Zuhura. Toka siku ile tukawa tunamwita aje na kinu chake, hata kama hapakuwa na mpunga.

Siku ya kurekodi alibeba kinu kichwani kutoka Bigwa mpaka ukumbini Mji Mpya, kwa miguu, na khanga mpya kiunoni. Bwana wa mashine alitoka Dar na maikrofoni moja tu. Tumba lilikuwa linameza kila kitu, kwa hiyo Stephano akawekwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Kuhusu Zuhura, akatolewa. Akaambiwa akapike.

Tukaanza kupiga. Ubeti wa kwanza ulikuwa aibu, tulikimbia kama tumeiba. Tulipoingia wa pili ndipo tukamsikia nyuma ya ukuta. Amekitua kinu chini ya dirisha na anatwanga. Hakuwa amepewa kisamvu, wala mpunga, wala karanga. Kinu kilikuwa kitupu. Alitwanga utupu mpaka wimbo ukaisha, na sisi sote watano tukamfuata.

Huyo ndiye kelele yako ya siku tisa. Umemfuta bibi yako, Juliana.

Babu

Nilisahau kitu. Hiyo tepu uliyonayo inaanzia kwenye gitaa, au inaanza kabla ya gitaa?


Sinza
20 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, imelowa mpaka wino umehama. Pole sana kwa shamba. Mama ametuma mbegu za mahindi na sabuni, muulize Salum, na umuulize kwa sauti.

Nimeisoma nikiwa nimesimama kati ya mafungu ya ndizi, nikalia mbele za watu. Mama mmoja muuza mkungu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia ni bibi yangu, maana Bibi Zuhura tumemzika miaka kumi na miwili iliyopita na mimi nilikuwa nimemaliza kumzika mara ya pili.

Nikusimulie jambo. Nilipokuwa nakaa kwake, kila Jumapili redioni walikuwa wanapiga nyimbo za zamani. Ukipigwa "Nimechelewa Mkuyuni" anaacha kila kitu. Ubeti wa kwanza anabana midomo. Halafu anainua kidole, anasema, "Hapo naingia mimi." Anasimama, anakwenda jikoni. Miaka yote nilidhani anasema anaingia jikoni! Nilikuwa namwiga. Nilikuwa naimba, nikifika ubeti wa pili nasema "hapo naingia mimi" na kukimbilia jikoni, naye anacheka mpaka anakaa chini. Hakunieleza hata siku moja.

Nimemrudisha, Babu. Tepu ya asili ilikuwa nzima, sikuigusa. Na safari hii nilipima. Ubeti wa kwanza mnakimbia kweli, hukusema uongo. Mchi unaingia, na kabla ya mstari wa tatu wote mmerudi mahali penu. Nilipomtoa kwenye kompyuta niliwaacha mkiyumba na sikujua kwa nini wimbo umepoa. Nikadhani ni uzee wa tepu. Nilisema sijui vijana wanapendea nini. Sasa najua, na kumbe hata wao wenyewe hawajui.

Nimempelekea Jonathan. Akasema niache utoto, hakuna anayelipia kelele za jikoni. Nikamwambia basi atafute mwingine wa kumfuta, mkono wangu hauendi huko mara ya pili. Akanikumbusha nani analipa mshahara. Nikamkumbusha nani anajua kusikiliza. Tangu siku ile hanipi kazi nyingine. Naingia asubuhi, nakaa, natoka jioni. Kama anadhani nitachoka kukaa, hajui nimelelewa na nani.

Lakini nina swali, na usilikwepe. Umeandika Bibi "akatolewa", tena "akaambiwa akapike". Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa anasema ukiona kitenzi hakina mtendaji, mtafute, kajificha karibu. Nani alimtoa?

Juliana wa Zuhura


Kinole
17 Juni 2024

Juliana wa Zuhura,

Marahaba, tena marahaba mbili. Mbegu zimefika na sabuni zimefika. Mvua imekatika, baridi imeanza, asubuhi naona ukungu mpaka mlangoni na mbuzi wangu wanakohoa kama wavuta tumbaku. Flashi mpya nimeipata. Nimekwenda kwa Fidelis na mkewe kanipisha mwenyewe. Nimeweka kiganja. Amepita, Juliana. Amenipiga hapa, chini ya kidole gumba. Nilibaki pale sakafuni mpaka wakaniletea chai.

Huyo bosi wako mwambie hivi: redioni wanatuita zilipendwa. Zilipendwa na nani, akaacha lini? Mtu aliyekufa unasema alipendwa. Wimbo unaosikilizwa mara laki nne na watoto wa Ulaya haujafa ili uandikiwe hitima. Asitusafishe kama anaosha maiti. Kama hataki kinu, atafute bendi nyingine iliyojifunza mwendo mahali pengine. Sisi tulijifunza uani.

Fomu nimesaini. Pale walipochapa majina matano nimeongeza la sita kwa mkono wangu: Zuhura Shabani, kinu. Wakilifuta, saini yangu haipo.

Kuhusu hilo swali, bwana wa mashine alikuwa mtu mkali, na wakati ule mambo yalikuwa hivyo. Dada yangu mwenyewe hakulalamika. Mambo ya kale tuyaache yalale.

Ila wewe nawe hukunijibu langu. Tepu inaanzia wapi? Nijibu hilo kwanza.

Babu yako,
Kibwana


Kihonda, Morogoro
14 Julai 2024

Babu Kibwana,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwa Mama. Anakusalimu, na mguu sasa unaingia kwenye kiatu. Nimekuja kwa siku mbili, nitaacha barua hii kwa Salum akipanda kesho. Ningeweza kupanda naye nikuone uso kwa uso. Sitaki. Mambo haya nikikutazama nitakuonea huruma, na sitaki kukuonea huruma kabla sijamaliza kusema.

Kwanza habari njema. Niliwatumia watu wa Ulaya wimbo mara mbili, mmoja bila kinu na mmoja na kinu, sikuwaambia tofauti. Wote wamechagua wenye kinu. Mmoja ameandika kwamba ule wa kwanza unamfanya akae na huu unamfanya asimame, na hajui ni kwa nini. Jonathan sasa anawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Mwache. Jina la Bibi litachapwa kwenye jalada. Hilo tumeshinda.

Jana nilikwenda Mji Mpya. Ukumbi wenu siku hizi ni duka la mabati na misumari. Mwenye duka alinipitisha mpaka nyuma. Dirisha lipo, limezibwa kwa matofali, lakini chini yake unaweza kusimama. Nilisimama. Ni mahali pembamba, Babu, kuna mtaro, na jua la saa nane linapiga pale kwenye ukuta bila kivuli. Alisimama pale akiwa na miaka ishirini na sita na khanga yake mpya, na kinu alichokibeba kichwani kutoka Bigwa. Nilihisi hasira ambayo sijawahi kuihisi kwa mtu wa damu yangu.

Sasa nakujibu. Tepu inaanza kabla ya gitaa.

Inaanza sekunde kumi na moja kabla. Maneno ya kabla ya wimbo huwa nayakata ya kwanza kabisa, hata siyasikilizi, ni desturi ya kazi. Ulipoyaulizia mara ya kwanza nilirudi nikayasikiliza. Nimekaa nayo tangu Mei. Nilikuandikia "nani alimtoa" nikiwa najua jibu. Nilitaka uniambie wewe.

Bwana wa mashine, uliyemwita mkali, ana sauti ya upole. Anauliza, "Na huyu dada wa kinu tumuweke wapi?" Kisha anajibu kijana mmoja. Sihitaji kompyuta kumtambua, ni sauti ile ile inayoimba baada ya gitaa. Anasema, "Huyu si wa bendi. Zuhura, nenda kapike." Wanaume wanacheka. Halafu unasikika mlango.

Umetafuta mkali kwa miaka hamsini na sita, Babu, na mkali ulikuwa wewe.

Magazeti yamekuhoji, redio imekuhoji. Nimesoma yote Mama aliyoyatunza. Kila mahali unasema, "Tulikuwa watano." Bibi alikuwa hai, anakusikiliza, anasikia watano. Mimi nilimfuta kwa siku tisa kwa kutokujua. Wewe ulikuwa unajua.

Fomu yako ninayo, sijaipeleka. Zile sekunde kumi na moja ninazo pia. Jonathan anasema tuzikate, wimbo uanzie kwenye gitaa, na kweli hakuna mtu duniani atakayejua. Mimi nitajua, na wewe. Sitaamua peke yangu. Wewe ndiye uliyesema maneno yale, wewe ndiye mzee wangu, na ni jina lako litakalosikika na aibu yake. Ukitaka nizikate, niandikie neno moja, "kata", nitakata na sitakuuliza tena mpaka tunazikana. Ila usininyamazie. Ukinyamaza nitajua umemfungia mlango mara ya pili.

Juliana


Kinole
4 Agosti 2024

Juliana, mjukuu wa dada yangu,

Safari hii sikustahili shikamoo, lakini uliitoa, kwa hiyo marahaba.

Mbuzi wamepona. Jino la mwisho lipo, ninalo kwa ajili ya ubishi. Barua yako imekaa siku ishirini chini ya mto wangu na kila asubuhi nilikuwa naitoa nione kama maneno yamebadilika. Hayakubadilika. Fidelis aliniuliza mbona siendi kwenye sabufa. Nikamwambia kiganja kinauma.

Ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepaka mafuta nywele, nimeazima koti. Mtu kutoka Dar na mashine yake ananitazama. Nikaona atakwenda kusema huko kwamba Bigwa Jazz inaongozwa na mwanamke na kinu. Nikaona haya, Juliana. Mtu aliyenifundisha mwendo, nikamwonea haya mbele ya mgeni ambaye hata hakuwa na ubaya naye. Sikujua mashine ilikuwa imeshawashwa. Ulipoandika mwezi wa pili kwamba tepu mama imepatikana, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nilitaka urudishe kinu na niliogopa usije ukarudi nyuma zaidi. Hayo yote mawili yalikuwa ndani yangu.

Nilikuandikia kwamba hakulalamika. Nikuambie namna alivyokuwa halalamiki. Baada ya siku ile, kila nilipokwenda kwake, iwe Idi, iwe msiba, iwe nimepita tu kuomba maji, alikuwa ananitandikia mkeka, ananiletea sinia, analiweka mbele yangu kwa mikono miwili na kusema, "Karibu, Kibwana. Nimepika." Hivyo tu. Miaka arobaini na minne. Watoto walikuwa wanaona dada anampenda mdogo wake. Mimi nilikuwa nakula nikiangalia mkeka. Wali wake ulikuwa mtamu kuliko wa mtu yeyote na sikuwahi kuumaliza.

Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa nangoja siku nzuri, akatangulia.

Fidelis ananiambia mtu akisema hadharani aibu yake ya ujana, siku hizi watu wa mtandaoni wanamtukana. Wanitukane. Nina sikio moja la radi, hawatanifikia. Na wale wanaume waliocheka wamekufa wote, wamebakiwa na mimi wa kuwasemea, nami nasema tulicheka vibaya. Jonathan asije akakusogezea mkasi. Fomu ipeleke. Jina lake lisiwe la sita, hesabu hiyo nilikosea tena kwa mkono wangu. Liwe la kwanza. Mimi nifuate nyuma, kama nilivyokuwa namfuata siku zote pale uani.

Kinu chenyewe ninacho. Alimwachia mama yako, mama yako akaniletea hapa siku za msiba, nikakigeuza juu chini nikawa nakalia nikivua viatu. Nimekiinua leo. Nimekifuta vumbi, nimempa Salum akupelekee pamoja na barua hii. Kina ufa mmoja upande wa juu, usiuzibe.

Na zile sekunde kumi na moja, usizikate. Anza tepu pale pale inapoanzia. Waache wote, hao laki nne na watakaokuja, wanisikie nilivyomwambia dada yangu. Halafu wafike ubeti wa pili, wasikie alivyonijibu.

Kibwana Shabani,
mdogo wake Zuhura